Saa mbili usiku ya Dodoma si 02:00 ya kompyuta

PAMPU ya maji haijui Kiswahili. Mkazi wa Nkuhungu au Kisasa, jijini Dodoma, akiambiwa kuwa mgao wa maji utafika mtaani kwake saa mbili usiku, huelewa mara moja. Lakini kompyuta ndogo inayowasha pampu yake, ikiandikiwa 02:00, itangoja hadi saa nane usiku, pengine bomba likiwa limekwisha kukauka.

Kosa hilo lina gharama. Pampu inayozunguka bila maji hupata joto, huharibu mipira inayozuia uvujaji na hatimaye huweza kuunguza mota. Tena Dodoma ni nchi kame: mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, huku jiji likitegemea sana visima virefu vya Mzakwe. Tenki lisilojazwa siku ya mgao huwa halina mbadala wa karibu.

Miongoni mwa programu zinazotumika kuendesha vifaa vya nyumbani ni Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kutolewa bure. Ndani yake mtumiaji huandika violezo, yaani sentensi zenye nafasi ambazo kompyuta huzijaza yenyewe: saa, tarehe au kiasi cha maji tenkini. Lugha ya violezo hivyo huitwa Jinja, neno la Kijapani lenye maana ya hekalu; halina uhusiano wowote na mji wa Jinja nchini Uganda.

Ugumu huanza pale wakati mmoja unapokuwa na sura tatu. Katikati ya Januari jua huchomoza Dodoma yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Simu ya mkononi huonyesha 06:30. Programu, inapotoa taarifa ya mawio, huandika 03:30, kwa kuwa hutunza taarifa hiyo kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu kamili. Anayeichapa taarifa hiyo bila kuigeuza kwanza kuwa saa ya hapa atadhani kifaa kimeharibika.

Tofauti ya saa tatu huondolewa na programu yenyewe, mradi imeelezwa kuwa iko katika eneo la Africa/Dar_es_Salaam. Dodoma, ingawa ni makao makuu ya nchi, haina jina lake katika orodha hiyo ya kimataifa. Tofauti ya saa sita ndiyo inayomhusu Mswahili, kwani yeye huanza kuhesabu saa kunapopambazuka, na kompyuta huanza katikati ya usiku.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua saa ya kompyuta, ongeza 5, gawanya kwa 12, shika baki, kisha ongeza 1. Katika kiolezo huandikwa hivi: (now().hour + 5) % 12 + 1. Saa 13 hutoa 7, saa 20 hutoa 2, na sifuri ya katikati ya usiku hutoa 6. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini asiongeze 6 moja kwa moja. Akifanya hivyo, saa 6 ya alfajiri itabakiza sifuri, na katika Kiswahili hakuna saa sifuri.

Baada ya namba yapasa kuja neno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Hapo kila nyumba ina desturi yake, maana wapo wasemao saa moja jioni na wapo wasemao saa moja usiku.

Hata hivyo, Kiswahili hiki kiwe cha macho na masikio ya watu tu. Amri ya kuwasha pampu na ibaki 20:00, na saa mbili usiku iandikwe pale tu ujumbe unapopelekwa kwenye simu ya mwenye nyumba.

Vivyo hivyo kwa tarehe. Mtanzania huandika 9/12/1961 akikusudia siku ya Uhuru wa Tanganyika. Mmarekani huisoma kuwa Septemba 12. (Saba Saba na Nane Nane zimenusurika, kwani namba zake husomeka vilevile kwa pande zote mbili.) Kompyuta ikilinganisha tarehe kama maandishi matupu, itaona 10/01/2026 imetangulia 31/12/2025, kwa sababu 1 hutangulia 3. Kwa hiyo tarehe za kulinganishwa huanza na mwaka, mwezi ukifuata na siku ikawa mwisho: 2025-12-31. Mpangilio wa siku, mwezi na mwaka hutolewa kwa alama %d/%m/%Y wakati wa kuonyesha.

Siku za juma nazo zina mtego. Jumatatu ni ya tatu kwa Mswahili, ambaye huanzia Jumamosi. Amri ya weekday() huipa 0, na ile ya isoweekday() huipa 1. Zaidi ya hayo, saa nane za usiku wa kuamkia Jumatano, ambazo wengi huziita Jumanne usiku, kwa kompyuta tayari ni Jumatano. Ratiba ya mgao iliyoandikwa "Jumanne usiku" yafaa iulizwe kabla ya kuingizwa.

Kwa taa za uani, ni heri kufuata jua kuliko saa. Dodoma iko magharibi ya Dar es Salaam, na jua huchelewa kufika huko kwa takriban robo saa. Mawio yenyewe husogea, kutoka kama 06:10 mapema Novemba hadi karibu 06:50 mwezi Julai.

Umeme ukikatika, kompyuta nyingi za aina hii hazina betri ya kutunza saa. Zikiwaka tena kabla intaneti haijarudi, huendelea na wakati uliopitwa, na pampu huweza kuwashwa saa isiyo yake. Kihisi cha maji kikifungwa kwenye bomba, pampu haitawaka pasipo na maji, hata saa ikidanganya.