Tabo iliyofungwa baadaye: kwa nini gari la dizeli huchelewa kuchanganya, na ufanye nini

Unapanda mlima, nyuma kuna magunia ya mahindi. Umerudisha gia, umekanyaga mafuta mpaka chini, injini inaguna na moshi mweusi unafumka, lakini gari linajivuta tu. Inapita sekunde moja, mbili, tatu. Halafu ghafla linachanganya, kama vile limesukumwa kutoka nyuma.

Kwenye barabara ya shamba hiyo ni kero ndogo. Kwenye barabara kuu ni jambo jingine. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Ukitoka upande wa pili ili ulipite lori, kisha tabo ikachelewa kwa sekunde nne, utakuwa umesafiri karibu mita 90 ukisubiri nguvu ambayo haijafika, na basi linalokuja mbele yako nalo limesogea kiasi hicho hicho.

Makala hii inahusu zaidi magari ambayo hayakutoka kiwandani na tabo, bali yamefungwa baadaye gereji. Mfano mzuri ni Land Cruiser zile tunazoziita mkonga, zenye injini ya 1HZ. Ni injini ya silinda sita, lita 4.2, na Toyota waliitengeneza bila tabo. Inapendwa kwa sababu ni ngumu na inasamehe mengi, ila ikibeba mzigo mlimani huwa nzito. Ndiyo maana wenye magari hupeleka kwa fundi kufunga tabo. Wengi hufurahi wiki ya kwanza, kisha huanza kulalamikia huku kuchelewa.

Tabo inasubiri nini

Tabo ni feni mbili zilizounganishwa na shafti moja. Feni ya kwanza imekaa kwenye njia ya moshi unaotoka injini. Moshi ukiisukuma, inazungusha feni ya pili iliyo upande wa hewa safi, nayo inasukumia hewa ndani ya silinda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati miliki ya wazo hili mwaka 1905, na mpaka leo msingi wake ni ule ule. Shafti hiyo, kwa tabo za magari madogo, huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Sasa angalia mzunguko wenyewe. Ili tabo izunguke inahitaji moshi mwingi na wa moto. Ili injini itoe moshi mwingi inahitaji hewa nyingi. Na hewa nyingi inaletwa na tabo. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Muda huo wa kusubiriana ndio kuchelewa kwenyewe. Hakuna tabo ya moshi isiyochelewa hata kidogo. Tunachotafuta ni kuufupisha muda huo.

Mwinuko nao una mchango wake. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Injini inaanza na hewa pungufu, inatoa moshi dhaifu, na tabo inaamka polepole zaidi. Dereva anayesema gari lake lilikuwa zuri Chalinze likawa zito Mbeya hakosei.

Kabla ya kununua chochote, tafuta panapovuja

Ushauri unaosikika zaidi gereji ni wa aina mbili: ongeza mafuta kwenye pampu, au nunua tabo kubwa zaidi. Tutafika huko. Lakini kwa gari lililokwisha kufungwa tabo, sehemu ya kwanza ya kutazama ni mipira ya hewa kati ya tabo na injini. Klempu ikilegea au mpira ukipata ufa mdogo, hewa iliyosukumwa kwa shida inatoka nje, na tabo inalazimika kuzunguka zaidi ili kufidia. Mara nyingi ufa hauonekani gari likiwa limesimama, kwa sababu hufunguka presha inapopanda. Dalili zake ni sauti ya kuzomea ukikanyaga mafuta, na alama ya oili iliyochanganyika na vumbi kwenye maungio. Fundi makini huziba njia ya hewa, anaingiza upepo wa compresa kidogo tu, kisha anapaka maji ya sabuni. Panapotoa mapovu ndipo penye tatizo. Kazi hii haimalizi nusu siku.

Kisha chujio la hewa. Kwa barabara zetu za vumbi, chujio hujaa haraka, na tabo hunyonya hewa nyingi kuliko injini ilivyokuwa ikinyonya mwanzo, kwa hiyo linajaa mapema kuliko ulivyozoea. Ukilipuliza kwa upepo, puliza kutoka ndani kwenda nje na kwa presha ndogo. Upepo mkali hutoboa karatasi, na vumbi linalopita hapo linakwangua feni ya tabo mpaka inapoteza umbo. Sijui kwa nini watu hulipa pesa nyingi kwa tabo halafu wanaona uchungu kununua chujio.

Tatu ni kilango kidogo kilicho kwenye kasha la moshi la tabo, ambacho mafundi hukiita westigeti. Kazi yake ni kupitisha moshi pembeni presha ikitosha, ili tabo isizidishe. Kikishindwa kufunga vizuri kwa sababu ya masizi, kutu au springi iliyochoka, moshi unapita pembeni tangu mwanzo na feni inakosa msukumo. Kikaguliwe injini ikiwa imepoa: ikiwa imezimwa, kilango kinatakiwa kuwa kimefunga kabisa. Wapo wanaoziba ule mpira mwembamba unaokiendesha ili presha ipande zaidi. Hilo haliharakishi tabo kuamka. Linachofanya ni kuondoa breki upande wa juu, na injini isiyotengenezwa kwa tabo haina nafasi ya kuvumilia hayo. 1HZ ina mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1, ndiyo maana walio waangalifu huishia kwenye presha ya 7 mpaka 10 psi.

Kwa Hilux na Prado za injini ya 1KD, ambazo tabo yake ni ya kiwandani, hadithi ni tofauti kidogo: ndani kuna visu vidogo vinavyojisogeza kubana au kuachia moshi. Masizi yakivikwamisha, gari linachelewa. Hapo dawa ni kusafisha au kutengeneza tabo, wala si kubadili mfumo.

Pampu ya dizeli: hapa ndipo injini nyingi hufia

Ili kilo moja ya dizeli iungue yote inahitaji kilo 14 na nusu za hewa, na katika hali halisi injini inahitaji zaidi ya hapo ili isitoe moshi mweusi. Ukiona moshi mweusi mzito kabla tabo haijaamka, maana yake dizeli imetangulia na hewa bado iko njiani.

Kuna ukweli kidogo katika ushauri wa kuongeza mafuta. Dizeli zaidi huleta joto zaidi kwenye moshi, na joto huamsha tabo. Ndiyo maana fundi akifungua skrubu ya pampu robo mzunguko, dereva anasikia tofauti papo hapo na anaamini tatizo limekwisha. Shida ni kwamba skrubu ile huongeza mafuta kila mahali, hata pale ambapo hewa haipo. Ukiwa mlimani na mzigo kwa dakika kumi mfululizo, joto linapanda na kubaki juu. Pistoni za injini hizi ni za aloi ya alumini, na alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Oili na maji hupoza pistoni, kwa hiyo moshi unaweza kuwa wa moto kuliko hapo kwa muda, lakini uvumilivu una mwisho wake. Kinachofuata ni pistoni kuliwa juu au silinda hedi kupasuka, na gharama yake inapita mbali ile ya tabo.

Suluhisho la haki ni kifaa kinachofungwa juu ya pampu, chenye dayaframu inayosikia presha ya tabo kupitia mpira mwembamba. Presha ikiwa chini, kinatoa mafuta ya wastani, ikipanda, kinaongeza. Pampu za injini zilizotoka kiwandani na tabo huwa nacho. Pampu ya kawaida ya 1HZ haina, kwa hiyo muulize fundi wako kabla ya kazi kuanza: “Pampu utaifanyaje?” Akijibu kwamba atafungua skrubu tu mpaka gari lipate nguvu, tafuta fundi mwingine. Na kifaa hicho kinaporekebishwa, kazi ifanywe na fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Kupima kwa sikio hakutoshi.

Dai pia geji mbili kwenye dashibodi: ya presha ya tabo, na ya joto la moshi inayochukua kipimo kabla ya tabo. Mafundi wa injini hizi kwa kawaida hawapendi joto hilo likae juu ya nyuzi 700. Likifika huko mlimani, punguza mguu na urudishe gia.

Ukubwa wa tabo na njia ya moshi

Tabo kubwa ina feni nzito na kasha pana, hivyo inahitaji moshi mwingi ndipo iamke. Inafaa gari la mashindano linalokimbia kwa mizunguko ya juu muda wote. Gari la kubeba mzigo linataka nguvu mapema, kuanzia mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, na hapo tabo ndogo inashinda. Kama umefungiwa kubwa, wakati mwingine si lazima uitupe yote: kwa baadhi ya tabo, kasha la upande wa moshi peke yake hubadilishwa kuwa jembamba zaidi, na moshi unaingia kwa kasi kubwa.

Bomba la moshi lina kanuni inayowachanganya watu. Kabla ya tabo, njia iwe fupi na isipoteze joto. Baada ya tabo, iwe pana, moshi utoke bila kuzuiwa. Ukiacha bomba jembamba la zamani pamoja na sailensa iliyojaa masizi, unaibana tabo kwa nyuma. Kwa 1HZ yenye tabo, bomba la inchi 3 ndilo wengi hutumia.

Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, ni nzuri kwa joto. Ila ikiwa kubwa na mabomba yake marefu, yote hayo lazima yajae hewa kwanza ndipo presha ifike injini. Kwa gari la presha ndogo, si kitu cha kwanza kununua.

Pima mwenyewe

Chagua kipande cha barabara tambarare kisicho na magari. Weka gia ya tatu, nenda polepole, kisha kanyaga mafuta yote huku mwenzako akihesabu kwa simu sekunde mpaka geji ifike 5 psi. Andika. Rudia mara tatu. Baada ya kila matengenezo fanya hivyo hivyo, barabara ile ile na mzigo ule ule. Fundi akisema kazi imekuwa nzuri, namba zitaonyesha.

Wakati unasubiri pesa ya matengenezo, rudisha gia mapema kabla mlima haujakushika, ili injini iwe tayari inazunguka. Unapotaka kulipita gari, baki nyuma yake kwa umbali, anza kukanyaga mafuta ukiwa bado upande wako, na toka pale tu unapoona geji imepanda. Kama mbele hapaonekani, usitoke. Ukifika mwisho wa safari baada ya mlima mrefu, liache gari lingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Oili iliyokwama kwenye shafti ya moto huungua na kuwa masizi, na shafti yenye masizi huzunguka kwa uzito.