Kusoma si Kukumbuka: Maandalizi ya Mtihani wa CPA

Mtihani wa uhasibu wa CPA, unaosimamiwa nchini Kenya na KASNEB, bodi iliyoundwa mwaka 1969, umewatoa wengi jasho. Anayeanguka karatasi hulipa ada upya na kusubiri awamu nyingine. Aghalabu huyo si mvivu. Tatizo ni namna anavyosoma.

Mtahiniwa huyarudia maelezo mara tatu au nne, akapiga mistari chini ya maneno, hadi ukurasa ukamzoea. Mazoea hayo humlaghai. Kuutambua ukurasa ni jambo moja; kuyatoa yaliyomo bila kitabu ni jingine. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha utafiti uliolithibitisha hilo. Baada ya dakika 5, wanafunzi waliorudia kusoma matini walikumbuka zaidi. Baada ya juma moja, waliojitahini ndio waliokuwa mbele.

Kwa hivyo, mbinu ya kwanza ni kukifunga kitabu kila mada inapokamilika, kuandika yanayokumbukwa, kisha kukifungua na kusahihisha. Zoezi hilo lirudiwe baada ya siku chache.

Mbinu ya pili ni kumweleza mwenzi asiyesomea uhasibu, tena kwa Kiswahili. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, na ni rahisi kukariri sentensi zake bila kuzielewa. Chukua gari lililonunuliwa kwa shilingi 1,000,000, litakalotumika miaka 5 na kubaki bila thamani. Uchakavu wake kwa viwango sawa ni shilingi 200,000 kila mwaka. Hesabu hiyo ni nyepesi. Lakini kwa nini kiasi hicho hujumlishwa tena kwenye faida, taarifa ya mtiririko wa fedha inapoanzia kwenye faida hiyo? Kwa sababu uchakavu uliipunguza faida bila senti yoyote kutoka mfukoni mwaka huo. Fedha zilitoka siku gari liliponunuliwa. Anayeweza kusema hivyo kwa lugha ya nyumbani ameelewa.

Mbinu ya tatu ni kujizoeza kwa saa. Karatasi ya alama 100 kwa saa 3 humpa mtahiniwa chini ya dakika 2 kwa kila alama. Swali la alama 20 lina dakika 36 tu. Muda huo ukiisha, na aende swali linalofuata. Alama za kwanza za swali jipya huwa rahisi kupata kuliko za mwisho za swali lililomkwamisha.