Kijana wako anafuga nyoka mkubwa? Kagua tawi analopandia

Kwa mzazi aliyekulia Tabora, Kisumu au Bujumbura, nyoka akionekana ndani ya nyumba kinachotafutwa ni fimbo. Mzazi huyohuyo akihamia Leicester au Minneapolis anaweza kujikuta siku moja akisikiliza ombi ambalo hakuwahi kulifikiria: kijana wake wa miaka 15 anataka kununua boa. Rafiki yake wa shule anaye, duka la wanyama linauza kihalali, na fedha ameshaweka akiba.

Wapo wanaokataa papo hapo, na hakuna wa kuwalaumu. Makala haya ni ya wale waliokubali, na hasa wale ambao nyoka aliingia nyumbani akiwa na urefu wa rula mbili na sasa anakaribia mita mbili na nusu.

Vijana wengi huwa wameshasoma sana kuhusu chakula na joto kabla hawajaomba ruhusa. Kitu wanachokichukulia kirahisi ni tawi la kupandia. Wanaokota kijiti, wanakiegemeza pembeni mwa kizimba, basi. Kwa nyoka wa gramu 200 kinatosha. Miaka michache baadaye kijiti ni kilekile, nyoka ana kilo sita, na usiku wa manane nyumba nzima inaamshwa na kishindo.

Lazima apande?

Boa wa Amerika ya Kati na Kusini hupanda miti sana akiwa mdogo. Akiwa mzito hutumia muda mwingi chini, lakini haachi kabisa. Chatu wa Australia ambaye wafugaji humwita chatu wa zulia, kwa sababu ya madoa ya ngozi yake, hupanda hata akiwa mkubwa. Chatu wa Burma, anayeweza kupita mita tano na kilo 50, akishakomaa hupanda kwa nadra. Kwa hiyo kabla ya kununua mbao, jueni kwanza ni nyoka gani mnaye.

Faida ya kupanda ni ya mwili. Nyoka anayelala chini ya sanduku mwaka mzima na kulishwa panya hunenepa na misuli yake hulegea. Pia nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi. Hulitafuta kwa kusogea. Juu karibu na taa kuna joto, chini pembeni kuna ubaridi, na tawi ndilo ngazi yake kati ya sehemu hizo mbili. Kwa boa, sehemu ya kuotea joto huwa nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi, na upande wa baridi nyuzi 25 hadi 27.

Kuna na sheria. England na Wales, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamtaka mwenye mnyama ampe mazingira yanayomfaa na nafasi ya kufanya tabia zake za kawaida. Sheria hiyohiyo inakataza kumuuzia mnyama mtoto aliye chini ya miaka 16, na inamhesabu mzazi au mlezi kuwa mwenye mnyama pale anayemtunza ni mtoto wa umri huo. Yaani nyoka wa kijana wa miaka 15, mbele ya sheria, ni nyoka wako. Ukiwa umepanga, soma pia mkataba wako na mwenye nyumba. Mingi ina kifungu cha wanyama.

Tawi la namna gani

Unene wake uwe karibu sawa na unene wa nyoka katikati ya mwili. Likiwa jembamba linambana tumbo na kuyumba chini yake, na nyoka akihisi kuyumba hukaza zaidi, jambo linaloongeza mzigo. Likiwa laini kama bomba anateleza. Gome lenye mikwaruzo kiasi linafaa kwa sababu humpa pa kujishika na pa kujisugulia wakati wa kuvua gamba. Chagua lenye panda, kwa maana nyoka mkubwa hapendi kuning'inia saa nzima. Anataka mahali pa kujikunja na kutulia. Kama hukupata panda nzuri, matawi mawili yaliyolala sambamba yatafanya kazi hiyo, au ubao mpana uliofungwa kama rafu.

Miti ya mwaloni na mtofaa ni imara na haina shida. Epuka mwerezi na msonobari wenye utomvu, kwani harufu zake kali si salama kwa nyoka aliyefungiwa kwenye hewa ya joto. Epuka pia oleanda, ambao ni sumu, na mti wowote unaotoa maziwa ukikatwa. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, rangi au vanishi mbichi zisiingie humo kabisa. Na tawi lililookotwa chini ya mti bustanini huenda limeshaoza ndani hata kama gome linapendeza: ligonge kwa nyundo, na likitoa sauti ya bubu, litupe.

Tawi jipya lisuguliwe kwa brashi na maji ya moto, likaushwe sawasawa, kisha kama linaingia kwenye oveni lipashwe kwa nyuzi 100 hadi 120 kwa saa moja au mbili ili wadudu wafe. Mtu mzima asitoke jikoni muda huo, maana kuni ni kuni. Hii ni kabla halijaguswa na nyoka. Likishatumika, lisirudi kwenye oveni ya chakula kamwe.

Wengine hutumia bomba nene la plastiki na kulizungushia kamba ya mkonge, kamba ambayo kwa mtu wa Tanga haihitaji utangulizi. Inashika vizuri. Tatizo lake ni kwamba inanyonya uchafu na unyevu, hivyo itabidi ifunguliwe na kubadilishwa kila inapochafuka. Ncha za kamba zifungwe kwa fundo. Usitumie selotepu wala gundi ya kunata: magamba yakishikwa na selotepu, kuibandua ni kuichuna ngozi.

Kufunga ndipo penye kazi

Kosa la kawaida ni kulifunga tawi upande mmoja tu. Boa wa kilo 10 akijikunja kwenye ncha ya tawi la mita moja, ile skrubu moja ya ukutani inabeba zaidi ya kilo 10 kwa sababu ya mvuto wa urefu, kama mtu anayeng'oa msumari kwa mpini mrefu. Tawi lishikwe pande zote mbili.

Kwenye kizimba cha mbao kazi ni rahisi. Toboa ukuta kwa drili, pitisha skrubu ndefu kutoka nje ziingie kwenye kichwa cha tawi, na weka washa pana ili kichwa cha skrubu kisizame kwenye ubao. Skrubu mbili kila upande ni bora kuliko moja, kwa sababu tawi lenye skrubu moja huzunguka. Chini ya kila kichwa cha tawi pigilia kipande cha ubao kilichochongwa kama mkono uliokunjwa, tawi likalie hapo. Pitisha kidole kila mahali kutafuta ncha ya skrubu iliyochomoza. Plaiwudi nyembamba ya nyuma isitumike kubebea kitu.

Kizimba cha kioo hakipigwi skrubu, na tawi zito lililoegemezwa kwenye kioo ndilo linalovunja nyumba za nyoka. Hapo tengeneza tawi linalosimama lenyewe: lifunge kwa bolti kwenye ubao mzito unaojaa sakafu ya kizimba, kisha uweke matandiko juu ya ubao huo. Utaratibu huo ni muhimu. Ukiweka jiwe au kigogo juu ya matandiko, nyoka atachimba chini yake, na kitu chote kitamwangukia.

Urefu kutoka chini pia ufikiriwe. Kadiri nyoka anavyokuwa mzito ndivyo tawi linavyopaswa kushuka. Nyoka ana pingili zaidi ya 200 za uti wa mgongo, karibu zote zikiwa na mbavu, na kuanguka kwa kilo 10 juu ya ukingo wa bakuli la maji si jambo dogo. Kwa chatu wa Burma aliyekomaa, rafu imara iliyo chini inamtosha.

Kisha lijaribiwe, na hapa ndipo mzazi anaposimama mwenyewe. Chukua dumu la lita 20, lijaze maji, ulifunge katikati ya tawi kabla nyoka hajarudishwa. Hizo ni kilo 20, mara mbili ya boa wa kilo 10. Liache usiku kucha. Asubuhi angalia kama tawi limepinda, skrubu zimesogea au ubao umepasuka. Halafu litikise kwa mkono, kwani nyoka hakai kama dumu: hujivuta, hujirusha anaponusa chakula, na huuzungusha mwili wote kwa ghafla. Ndiyo maana wenye busara hawamlishi akiwa juu ya tawi.

Tawi linampeleka kwenye kifuniko

Hili ndilo ambalo ningependa mzazi mwenye watoto wadogo alisome mara mbili. Ukimpa nyoka njia ya kwenda juu, umemfikisha kwenye kifuniko, kwenye matundu ya hewa na kwenye taa. Nyoka mkubwa akipata pa kukanyagia anasukuma kwa nguvu ambayo mtoto hawezi kuizuia. Kifuniko kilichowekewa kitabu juu si kifuniko. Kiwe na kufuli, na matundu ya hewa yawe na wavu wa chuma uliopigwa skrubu.

Mwezi Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, ndugu wawili wa kiume wa miaka sita na minne waliuawa usingizini na chatu wa Afrika, aina ileile tunayoijua kwetu. Walikuwa wamelala kwenye nyumba iliyo juu ya duka la wanyama, na chatu alitoka kwenye kizimba chake kupitia bomba la hewa lililokuwa juu. Visa kama hicho ni vichache mno, na boa wa kawaida si chatu huyo. Lakini njia aliyopitia ilikuwa juu, na ndiko tawi linakoelekea.

Taa nayo iwekewe kizuizi cha wavu. Nyoka huweza kuizunguka balbu na kuungua bila kujitoa mapema. Sehemu ya juu ya tawi iwe mbali nayo angalau sentimita 30, na joto lipimwe pale mgongo wa nyoka unapofika, si chini sakafuni.

Nyoka akizidi mita mbili na nusu hivi, hashikwi na mtu mmoja. Kijana asifungue kizimba kufunga tawi upya akiwa peke yake nyumbani, hata kama amemfuga tangu utotoni na anakuambia wanajuana.

Kusafisha, na mbali na jikoni

Nyoka anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha ugonjwa wowote. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kinashauri watoto walio chini ya miaka mitano wasiguse reptilia wala vitu vyao. Tawi ni kitu chake. Lisioshwe kwenye sinki la vyombo wala kwenye bafu ambalo mtoto anaogeshwa. Lioshwe nje kwa ndoo yake, kwa maji ya sabuni, kisha maji yenye jiki kidogo, lisuuzwe mpaka harufu iishe, likauke juani. Katika baridi ya Januari huko Ulaya jua hilo halipo, kwa hiyo kuwa na tawi la akiba kutawaokoa.

Kila mwezi kazeni skrubu na kupima nyoka kwenye mzani. Uzito ukifika nusu ya ule mliolijaribia tawi, lijaribuni upya kwa mzigo mkubwa zaidi. Kazi hii itaendelea muda mrefu: boa huishi miaka 20 hadi 30, na mmoja aliyetunzwa kwenye bustani ya wanyama ya Philadelphia alipita miaka 40. Kijana wa miaka 15 atakwenda chuo baada ya miaka mitatu, na mabweni mengi hayapokei nyoka. Ulizeni sasa nani atakuwa na ufunguo wa kizimba, kwa sababu jibu ambalo halikusemwa mara nyingi huwa ni "mama".

Kwa wasomaji walioko Tanzania na Kenya, chatu wa shambani si wa kuokotwa na kufugwa. Ni mnyamapori anayelindwa, na kumweka bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 kwa Tanzania na ile ya 2013 kwa Kenya. Mtoto mwenye hamu apelekwe Meserani nje ya Arusha, au kwenye bustani ya nyoka ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.

Na tawi likianguka licha ya yote? Msimvute. Ondoeni mbao kwanza, zimeni taa, mwacheni ajinyooshe. Mkiona uvimbe au pindo lisilo la kawaida mgongoni, damu mdomoni, au akishindwa kujigeuza akilazwa chali, ni hospitali siku hiyohiyo. Si kila kliniki ya mifugo inapokea nyoka, kwa hiyo namba ya daktari anayewatibu iwe kwenye simu yako kabla ya kuhitajika.