Paa Kwanza, Kiyoyozi Baadaye

Hapa Lubumbashi, nyumba inadaiwa kazi mbili zinazopingana. Mwezi wa sita na wa saba, usiku baridi hushuka hata chini ya nyuzi 10, maana mji huu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijafika, chumba kile kile kinageuka tanuri. Jibu letu limekuwa mbabula, jiko la makala, kwenye baridi na, kwa mwenye uwezo, kiyoyozi kwenye joto.

Mbabula iliyowashwa chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala wasiamke. Na makala yenyewe yamekula msitu wa miombo pande zote za mji.

Kiyoyozi kina hesabu yake. Umeme wa Katanga unatokana na maji, kwenye mabwawa kama Nzilo, Nseke na Mwadingusha, kwa hiyo si mchafu kama ule wa Johannesburg unaotegemea makaa ya mawe. Lakini umeme ukikatika, jenereta ya mazuti huanza kunguruma uani, na usafi ule umeishia hapo.

Kisha kuna gesi. Kilo moja ya R-410A, iliyomo katika viyoyozi vingi, ikivujia hewani hupasha dunia joto kama kilo 2,000 hivi za kaboni dioksidi. Ndiyo maana Oktoba 2016 nchi zilikubaliana mjini Kigali kuzipunguza gesi za aina hiyo hatua kwa hatua. Inaniuma kuona mashine inahamishwa na bomba linafunguliwa tu, gesi ikipuliza mpaka iishe. Fundi anayejua kazi huwasha mashine, hufunga vali moja, huiacha ivute gesi yote iingie kwenye kipande cha nje, kisha hufunga vali ya pili. Ni kazi ya dakika chache, na mwenye nyumba ana haki ya kuidai.

Hata hivyo, kabla ya mashine yoyote, tutazame juu. Kwenye tarehe 23 Oktoba jua la saa sita mchana husimama wima juu ya Lubumbashi. Kuta hupata kidogo. Paa ndilo linalobeba karibu joto lote. Bati tupu, lisilo na plafoni, hulia ko-ko-ko likitanuka, na joto lote linashuka juu ya vichwa vya waliomo. Paka bati rangi nyeupe, weka plafoni, acha matundu chini ya paa ili hewa iliyonaswa juu ipate pa kutokea. Plafoni hiyo hiyo huzuia joto lisikimbie usiku wa Julai.

Mwezi wa sita jua huinamia kaskazini. Basi madirisha makubwa yakae kaskazini, yapate jua la baridi, na upande wa magharibi upandwe mwembe wa kukinga jua kali la alasiri. Wazee waliojenga nyumba zenye barza pana waliyajua haya.

Harare, mji wa nyanda za juu kama wetu, kuna jengo la Eastgate lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu Mick Pearce alijifunza kutoka kwenye vichuguu. Usiku feni huvuta hewa baridi ipite kwenye zege nzito, na mchana zege hiyo humeza joto. Sisi tuna vichuguu vinavyoshinda nyumba kwa urefu, na tunavibomoa tupate udongo wa matofali, ambayo nayo huchomwa kwa kuni za miombo. Nyumbani, kuta nene na matundu yenye wavu wa mbu, yanayofunguliwa usiku na kufungwa asubuhi, hufanya sehemu ya kazi ile ile.

Kiangazi ndicho msimu wetu wa kujenga. Rangi na plafoni vinaweza kungoja hadi pesa ipatikane. Upande ambao nyumba itaelekea huamuliwa siku fundi anapovuta kamba ya msingi, kwa hiyo mwenye parseli awepo siku hiyo na aulize kaskazini ni wapi.