UGONJWA WA KIWELE NA AMANA YA MUUZA MAZIWA



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapendwa, wengi wetu nyumbani tunafuga ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili, au mbuzi. Alfajiri, kabla ya kuja chuoni, yuko anayekamua na yuko anayepeleka maziwa kwa wateja. Kwa hiyo mwaka huu tumeona tuzungumzie maradhi yanayowasumbua sana wanyama hawa, nayo ni ugonjwa wa kiwele.

Mwenzetu mmoja alitusimulia yaliyotokea kwao. Ng'ombe wao alivimba kiwele upande mmoja, akaitwa bwana mifugo, akamtibu. Jioni ile ile maziwa ya chuchu tatu zilizobaki, ambayo yalionekana mazuri, yakapelekwa kwa wateja kama kawaida. Baada ya siku mbili mama mmoja muuza mtindi akaja kulalamika: maziwa yake yote yalikataa kuganda. Je, sababu ni nini?

UGONJWA WENYEWE

Kiwele cha ng'ombe kina sehemu nne, kila moja na chuchu yake. Cha mbuzi kina mbili. Ugonjwa huu mara nyingi huletwa na bakteria wanaoingia kupitia tundu la chuchu. Wengine hutoka kwa ng'ombe mgonjwa na kubebwa na mikono ya mkamuaji, au na kitambaa kimoja kinachofutia ng'ombe wote. Wengine hukaa kwenye kinyesi na matope ya banda chafu.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu una sura mbili. Ya kwanza inaonekana: kiwele huvimba na kuwa cha moto, mnyama hupiga teke akiguswa, na maziwa hutoka na mabonge, majimaji au damu. Ukizidi, mnyama hupata homa, huacha kula, na anaweza kufa.

Sura ya pili imejificha. Kiwele ni kizima machoni na maziwa ni meupe, lakini yanapungua, na wanyama wengine wanaambukizwa. Huu hugunduliwa kwa kipimo. Maziwa kidogo ya kila chuchu huchanganywa na dawa maalumu kwenye kisahani chenye vyumba vinne, kisha huzungushwa. Yakiwa mazito kama ute, sehemu hiyo ina ugonjwa.

TIBA

Mtaalamu wa mifugo aitwe mapema. Sehemu inayoumwa hukamuliwa mpaka iishe na maziwa yake humwagwa. Ncha ya chuchu husafishwa kwa spiriti, kisha dawa huingizwa kwa bomba lake kupitia tundu la chuchu. Mnyama mwenye homa huenda akahitaji sindano pia. Dozi imalizwe kama ilivyoelekezwa, hata uvimbe ukipungua. Kukatiza dozi huwapa bakteria nafasi ya kuizoea dawa.

Sasa turudi kwa yule mama. Dawa huingia kwenye maziwa, na kwa kuwa hupita pia katika damu, huweza kufika hata kwenye chuchu zisizotibiwa. Iliwaua bakteria wanaogandisha mtindi! Tena kuchemsha hakuiondoi yote, na mtu anayedhurika na penisilini anaweza kupata vipele au kubanwa pumzi. Ndiyo maana kila dawa ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti yake. Siku hizo huhesabiwa kuanzia dozi ya mwisho, na maziwa ya chuchu zote hayauzwi wala hayanywewi mpaka ziishe.

Tunajua si jambo jepesi. Maziwa ya siku nne au tano ndiyo unga na ada ya nyumba nyingi. Lakini tumesoma darasani jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini imelowa, akamkemea muuzaji aliyeuficha unyevu ule. Maziwa yenye dawa ni meupe kama mengine. Mnunuzi hana jicho la kuyatambua. Ni sisi tu tunaojua.

Baba wa mwenzetu alimrudishia yule mama pesa zake na kuwaeleza wateja wote ukweli. Siku hizi ng'ombe wao akitibiwa hufungwa kitambaa chekundu shingoni, asije mtu akachanganya maziwa yake kwa kusahau.

KINGA

1. Osha mikono na kiwele kwa maji safi, na kila ng'ombe awe na kitambaa chake.
2. Kamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi, uangalie mabonge.
3. Mgonjwa akamuliwe mwisho.
4. Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa yake, kisha mpe majani ili asilale haraka, kwani tundu la chuchu bado liko wazi.
5. Banda liwe kavu.
6. Chemsha maziwa daima. Ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe humfikia mtu kwa maziwa mabichi.

Tunamuomba Allah atubarikie mifugo yetu na riziki zetu, na atuwezeshe kutunza amana.

Wabillahi tawfiq.