Wakili wa Serikali na Bastola: Cheo si Leseni

Na Mwandishi Wetu

Moa ni kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, si mbali na mpaka wa Tanzania na Kenya. Mikoko inayoificha ngalawa ya mvuvi dhidi ya upepo ndiyo hiyohiyo inayoweza kumficha mfanya magendo, na bandari bubu za mwambao huu zimetajwa kwa miaka mingi katika mapambano dhidi ya magendo, dawa za kulevya na usafirishaji haramu wa watu. Mtuhumiwa akikamatwa, jalada lake hatimaye humfikia Wakili wa Serikali. Huyu husimama mahakamani mchana akiomba mshtakiwa atiwe hatiani. Jioni hurejea nyumbani bila sare wala mlinzi, na huenda sokoni akakutana ana kwa ana na ndugu wa mshtakiwa huyo.

Ndipo linapozuka swali ambalo wananchi wengi hujiuliza: je, kazi hiyo inampa haki ya kubeba bastola chini ya koti?

Jibu ni kwamba cheo peke yake si leseni. Zamani, katika mahakama nyingi za wilaya, mwendesha mashtaka alikuwa askari polisi, na silaha aliyoweza kupewa ilikuwa ya Jeshi, chini ya amri za Jeshi. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu mashtaka ya Taifa iliweka msingi wa kuitenganisha kazi ya mashtaka na ya upelelezi, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikaundwa kuwa ofisi inayojitegemea chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Wakili wa Serikali wa leo ni mtumishi wa kiraia. Akitaka bastola yake binafsi, hupita mlango uleule anaopita mfanyabiashara au mkulima.

Mlango huo ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Mwombaji anapaswa kuwa na umri usiopungua miaka 25, akili timamu na mwenendo usio na rekodi ya uhalifu wala ukatili, asiwe mtumwa wa pombe au dawa za kulevya, na awe anajua kuitumia silaha kwa usalama. Maombi huanzia chini, kwenye serikali ya kijiji au mtaa anakoishi, yakapanda hadi kata, wilaya na mkoa, ambako vyombo vya ulinzi na usalama huyapima, kabla ya kumfikia Msajili wa Silaha.

Utaratibu huo una hekima yake. Anayemjua mwombaji kwa tabia si ofisi ya makao makuu. Ni jirani na mwenyekiti wa kijiji, wanaojua kama mtu huyu ana hasira za haraka au nyumba yake ina ugomvi. Wakili mwenye shahada na kiapo naye hupimwa kwa macho hayo.

Leseni ikitolewa, wajibu ndipo unapoanza. Silaha ihifadhiwe mahali pa kufungwa, isiazimishwe, na ikipotea polisi waarifiwe mara moja. Kuificha chini ya koti hakumwondolei mmiliki wajibu wa kuonesha leseni anapotakiwa na askari. Wala leseni si ruhusa ya kufyatua risasi kila penye hofu. Kanuni ya Adhabu humruhusu anayejihami kutumia nguvu ya kadiri tu inayohitajika. Akizidisha, hubeba dhima ya jinai kwa matokeo yake.

Kwa Wakili wa Serikali, jambo hili lina uzito wa pekee. Kumiliki silaha kinyume cha sheria ni kosa linaloangukia katika Sheria ya Uhujumu Uchumi, na mashtaka yake huhitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, adhabu ya makosa ya uhujumu uchumi kwa jumla ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Wakili anayebeba bastola isiyo na leseni halali anajiweka kizimbani palepale anapowaweka wengine, na ridhaa ya kumshtaki itatoka katika ofisi yake mwenyewe.

Hata hivyo, hatari inayomkabili si ya kufikirika. Machi 30, 2015, jijini Kampala, Joan Kagezi, mwendesha mashtaka mwandamizi wa Uganda, alipigwa risasi akiwa garini pamoja na watoto wake. Alikuwa akishughulikia kesi ya mabomu yaliyolipuka jijini humo Julai 2010 na kuua zaidi ya watu 70.

Je, bastola ingetosha kumwokoa mtu katika hali kama hiyo? Jimbo la Texas, Marekani, huwapa waendesha mashtaka wenye leseni ruhusa pana ya kubeba bastola kuliko raia wengine. Mwaka 2013, katika wilaya ya Kaufman, Mark Hasse aliuawa Januari 31. Mkuu wake, Mike McLelland, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hubeba silaha kila aendako. Machi 30 naye aliuawa nyumbani kwake pamoja na mkewe. Muuaji alikuwa mtu waliyemshtaki wenyewe.

Ndiyo maana Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Wajibu wa Waendesha Mashtaka, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, inaukabidhi ulinzi huo kwa mamlaka za nchi: usalama wa mwendesha mashtaka unapotishiwa kwa sababu ya kazi yake, yeye na familia yake walindwe. Kwa hiyo kitisho kinapotokea, hatua ya kwanza ni kutoa taarifa kwa mkuu wa ofisi na kwa polisi, ili kichunguzwe na ulinzi upangwe. Bastola yenye leseni inaweza kuwa nyongeza. Haiwezi kuwa mbadala.

Mwananchi wa Moa naye ana sehemu yake. Anayesikia njama dhidi ya wakili, shahidi au hakimu, kisha akatoa taarifa mapema, humlinda mtu huyo kabla risasi haijafyatuliwa.