SAFARI YA GARI KATIKA JANGWA LA CHALBI
(Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima)

Kila mmoja aweke karatasi ya somo mbele yake na kalamu mkononi, kwa maana leo tutasoma na pia tutapiga hesabu.

Leo twasafiri mahali ambapo njia ni alama za magurudumu ya waliotangulia, na pengine hata alama hizo hazipo. Fungueni ramani ya Kenya. Tazameni juu, upande wa kaskazini. Mtaona mji wa Marsabit, ulio juu ya mlima wenye msitu. Magharibi yake liko Ziwa Turkana, ambalo mpaka mwaka 1975 liliitwa Ziwa Rudolf. Katikati ya mlima na ziwa ndipo lilipo jangwa la Chalbi. Tutateremka kutoka Marsabit, tupite Maikona, Kalacha na North Horr, kisha tugeuke kusini mpaka Loiyangalani, kando ya ziwa.

GARI LETU

Gari la kawaida huvutwa na magurudumu mawili tu. Gari la safari hii huvutwa na yote manne, na madereva huliita "fowili". Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu mwaka 1948, na tangu hapo magari ya namna hii yamefika mahali pengi ambapo zamani walifika ngamia na punda tu.

Lakini msidhani kwamba fowili haikwami. Sikilizeni sababu. Katikati ya magurudumu ya nyuma mna gia ziitwazo difu, na ya mbele vilevile. Gari likikata kona, gurudumu la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani, na difu huliruhusu lizunguke zaidi. Hiyo ni kazi njema. Ila difu ina udhaifu wake: gurudumu moja likikosa kushika ardhi, mzunguko wote huenda kwa hilo linaloteleza, na mwenziwe husimama. Basi gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza pamoja, gari zima limekwama. Dereva akizidi kukanyaga mafuta, anachimba shimo lake mwenyewe.

NGAMIA NA PUNDA

Tazameni unyayo wa ngamia. Ni mpana, tena hutanuka akikanyaga. Kwato ya punda ni nyembamba na ngumu. Katika mchanga laini, yupi atazama? Ni punda, kwa sababu uzito wake umekaa mahali padogo.

Mpira wa gari uliojaa upepo ni kama kwato ya punda. Ukipunguza upepo, mpira hulala na kushika ardhi mahali parefu zaidi, kama unyayo wa ngamia. Mpira wenye paundi 35 barabarani waweza kupunguzwa mpaka paundi 20 hivi mchangani. Lakini angalieni! Mpira uliopunguzwa hautaki mwendo wa kasi wala kona kali. Na ukifika ardhi ngumu, sharti uujaze tena, la sivyo utapata moto na kupasuka. Kwa hiyo pampu ni lazima, na mipira ya akiba iwe miwili.

UDONGO WA CHALBI

Zamani sana Chalbi ilikuwa ziwa. Siku hizi ni uwanja mkubwa, tambarare, wenye ganda jeupe la chumvi. Wakati wa kiangazi waweza kuendesha juu yake kama juu ya sakafu. Mvua ikinyesha hugeuka tope. Na hatari iliyo kubwa zaidi ni hii: ganda laweza kuonekana kavu juu, na chini yake mna tope bado.

Kwa hiyo ukiona rangi ya ardhi inageuka kuwa nyeusi, simama. Shuka, tembea kwa miguu, choma ardhi kwa fimbo. Tena, kabla ya kutoka Maikona au Kalacha, waulizeni wazee wa Kigabra. Wao huhamisha ngamia wao katika nchi hii, nao wajua mvua imenyesha wapi. Kumwuliza mzee si aibu. Aibu ni kukwama mahali alipokukataza.

Gari likikwama, toa mguu kwenye mafuta. Teremsha mizigo. Chimba mbele ya kila gurudumu, punguza upepo, weka mbao au mikeka chini, kisha utoke polepole kwa gia ya chini. Likivutwa kwa kamba na gari la pili, watu wote wasimame mbali, kwa maana kamba ikikatika hupiga kama mjeledi. Hii ndiyo sababu hatusafiri na gari moja. Twachukua mawili.

HESABU YA MAJI

Sasa shikeni kalamu. Tuko watu 6. Kila mtu apewe lita 5 za kunywa kwa siku. Safari ni siku 4.
6 × 5 × 4 = lita 120.
Tuongeze akiba ya siku 2:
6 × 5 × 2 = lita 60.
Jumla ni lita 180, yaani madumu 9 ya lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi tugawe madumu katika magari yote mawili, tuyaweke chini ndani ya gari, yasiwe juu ya paa, gari lisije likapinduka.

KUPIGA KAMBI

Pigeni kambi saa kumi na moja jioni, mngali mkiona vizuri. Msilale kamwe katika mkondo mkavu wa mto, hata kama mchanga wake ni laini kama godoro. Mvua yaweza kunyesha milimani, mbali na mlipo, na maji yakawakuta usingizini. Pale Loiyangalani upepo ni mkali. Wekeni gari upande upepo unakotoka, na hema nyuma yake. Asubuhi kung'uteni viatu kabla ya kuvaa, kwa ajili ya nge. Na ziwani msiingie ovyo: mna mamba.

JAMBO LA MWISHO, NALO NI KUBWA

Tuseme magari yote mawili yameharibika, na kijiji hakionekani. Mmoja wenu atasema, "Mimi nitakwenda kwa miguu kutafuta msaada." Mzuieni! Mtu anayetembea juani hupoteza maji kwa jasho, naye kwa mbali ni kitu kidogo mno. Gari ni kubwa, laonekana. Lina kivuli, na lina maji yenu. Kaeni kivulini karibu nalo. Kabla ya kuondoka Marsabit mliwaambia polisi njia mtakayopita na siku ya kufika, sivyo? Basi watakaowatafuta watafuata njia hiyo. Aliyeiacha njia, nani atamwona?

MASWALI
1. Kwa nini gari la fowili laweza kukwama?
2. Mpira uliopunguzwa upepo unafanana na unyayo wa mnyama gani? Elezeni.
3. Watu 4 wanasafiri siku 3, na akiba ya siku 2. Wachukue lita ngapi za maji ya kunywa?
4. Gari likiharibika jangwani, kwa nini tusiliache?

Andikeni majibu, kisha mmoja awasomee wenzake kwa sauti. Kwaherini, mpaka somo lijalo.